Ramani ya nyumba ya kikoloni ya Marekani kwa ploti ya Utange, yafaa ama twajitafutia jasho?

MamaWatatu_Utange:
Asalam aleikum jamani. Nina swali na naomba msinicheke sana. Tumejaaliwa kununua ploti huku Utange, Mombasa, futi 50 kwa 100, hati tunayo mkononi, na sasa twataka kujenga. Baba watoto afanya kazi bandarini zamu ya usiku, akirudi asubuhi badala ya kulala yuko na simu akiangalia ramani za nyumba za Marekani, na kuna moja imemkaa rohoni hata hasikii la mtu. Ni ile stail yao ya kikoloni, si zile nyumba za madisii wa zamani mnazozijua nyinyi. Hii ni ya ghorofa moja, uso umenyooka, mlango katikati kabisa, madirisha mawili kushoto mawili kulia na juu yake matano yamejipanga kama watoto wa gwaride, paa la mgongo mkali na chimni pembeni. Ukiingia wakutana na korido na ngazi, upande mmoja sebule ya wageni, upande wa pili chumba cha kulia, nyuma jikoni na sebule ya familia, na vyumba vya kulala vyote vinne viko juu. Upana futi 46, kina futi 30.

Mimi sikatai, ni nzuri, imetulia, hata mimi nimeiangalia mara mbili tatu akiwa amelala. Lakini nina watoto watatu, na mavyaa wangu yuwakaa nasi, magoti yake hata kupanda matatu ni mpaka makanga amshike mkono, sasa huko juu atafika vipi? Wageni hatukosi, jamaa za mume waja wakati wowote, na wanaume wenzake waja kuzungumza baada ya isha na mimi sitaki kupita mbele yao na kanga kila nikienda jikoni. Tena mimi napika kikweli, samaki wa kukaanga si chini ya mara nne kwa wiki. Na kazi yangu ya vitabu vya hesabu za watu naifanyia nyumbani kwa kompyuta, nataka pembe yangu hata kama ni ndogo.

Barabara iko upande wa magharibi wa ploti. Fundi tuliyemuonyesha ramani aliangalia dakika mbili akasema "itakaa tu mama". Hilo "itakaa tu" ndilo lililonitia wasiwasi.

Kuna aliyejenga kitu kama hiki huku pwani? Nikubali, nikatae, ama kuna namna ya kuibadilisha?

Kijana_wa_Kongowea:
Chimni Utange 😂😂 mtaota moto mwezi wa pili ama vipi. Mwambie shemeji aje kwetu saa nane mchana akae chini ya bati nusu saa, hiyo hamu ya chimni itamtoka yenyewe.

Fundi_Mgongo:
Mamangu usimsikilize huyo kijana ingawa hajakosea. Mimi nimejenga mawe zaidi ya miaka 30 na nimeacha juzi tu kwa ajili ya mgongo, kwa hivyo nakuambia yale ambayo "itakaa tu" yaficha.

La kwanza, hiyo ramani imechorwa kwa nyumba ya mbao. Kule wao wasimamisha fremu za mbao za 2 kwa 4, nje wapiga mbao, ndani wapiga bodi, ukuta wote ukiupima ni mwembamba. Wewe hapa utajenga kwa mawe, ukuta wa nje inchi 9 na plasta juu yake, wa ndani inchi 6 na plasta pande zote mbili. Kila ukuta utakula inchi mbili, tatu, nne zaidi ya ile ya kwenye karatasi, na ukizijumlisha kutoka upande huu wa nyumba hadi ule zapata futi nzima na zaidi. Sasa zaenda kulika wapi? Zalika kwenye korido na kwenye choo, mahali ambapo palikuwa padogo tangu mwanzo. Nimeona nyumba ambayo mlango wa choo wagonga sinki, na mwenyewe ameapa ramani ilikuwa sawa, na kweli ilikuwa sawa, lakini kwa mbao. Na usiseme basi tujenge kwa mbao kama wao, mchwa wa Utange watakushukuru.

La pili ni paa. Mgongo mkali vile ni wa theluji, iteleze ianguke. Hapa hatuna theluji, twahitaji mvua ishuke na jua lisipige ukuta. Angalia tena picha uone zile nyumba paa laishia pale pale ukutani, halitokezi nje. Masika yetu mvua haishuki wima, yaja na upepo ubavuni, utapigwa madirishani mpaka godoro liloe. Lipunguze mgongo kidogo halafu mbao utakazookoa zitoe nje kwenye michirizi, futi 3 hivi pande zote. Wasiwasi wa mumeo utakuwa kwamba uso utaharibika. Hautaharibika, utapata kivuli.

Kama ramani ina besimenti futa kabisa, huko chini ni jiwe, utalipa vijana wa kuchimba mpaka uuze gari.

Na mchanga. Hili si la ramani lakini nalisema kila mahali. Usikubali mchanga wa baharini kwenye zege hata ukiletewa kwa bei ya bure, chumvi yala vyuma taratibu ndani kwa ndani, chuma kikishika kutu chavimba na zege lapasuka. Nimewahi kubomoa roshani moja Bamburi, vyuma vimebanduka magamba kama changu.

Majengo_hadi_Boston:
Waaleikum salam dada. Mimi mtoto wa Majengo lakini nina miaka kumi na moja huku Massachusetts na hizo nyumba ndizo nazipita kila siku nikienda kazini, nilikaa ndani ya moja miaka miwili kwa kodi. Wacha nimtetee shemeji kidogo.

Wanaita kikoloni kwa sababu yatokana na zama Muingereza alipowatawala wao, kabla ya 1776. Lakini nyingi za leo ni za kuiga, mtindo ulirudi kwa nguvu baada ya yale maonyesho makubwa ya Philadelphia ya 1876 walipotimiza miaka 100 ya uhuru wakaanza kuona fahari mambo ya mababu zao. Sasa la muhimu kwako ni kwamba hazikuwa aina moja. Huku kaskazini kwenye baridi zile za zamani zina chimni kubwa katikati ya nyumba, vyumba vimeizunguka kama watu wanaoota moto, dari ya chini, madirisha madogo, yaani kila kitu kimefanywa joto lisitoke. Hiyo ukiijenga Mombasa umejijengea tanuri. Lakini kusini kwao, Virginia, kwenye joto, chimni zilisukumwa mpaka kuta za mwisho, na katikati wakapitisha korido pana moja kwa moja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma upepo upite, na kiangazi watu walikuwa wakikaa hapo hapo koridoni. Ramani ya shemeji kwa ulivyoieleza, chimni pembeni korido katikati, ni ya ukoo huo. Amechagua vizuri bila kujua. Hakikisheni tu korido yatoboa hadi nyuma, nyingi za siku hizi zimeziba nyuma kwa jiko ama kabati.

Madirisha yao ndiyo ya kukataa. Ni ya kupandisha na kushusha, kioo kimoja chapanda mgongoni mwa mwenzake, kwa hivyo hata ukifungua mwisho wapata nusu ya dirisha. Weka ya mabawa yanayofunguka yote. Na zile mbao za kando ya madirisha unazoona zimependeza pichani, huku kwingi zimepigiliwa ukutani, hazifungi wala hazifunguki, pambo tu. Wewe ukiziweka weka za kweli, zenye luva, ufunge jua na upepo uendelee kuingia. Si ndivyo nyumba za Mji wa Kale zilivyo?

Jambo jingine, hiyo futi 46 kwenye ploti ya upana wa 50 mmefikiria? Mwabaki na futi 4, mbili kila upande, hata mtungi wa gesi haupiti.

MamaWatatu_Utange:
Subhanallah hilo la futi 4 hatukulipiga hesabu kabisa. Yaani mume amekaa miezi mitatu na hiyo ramani. Basi ndiyo imekufa?

Mpangaji_wa_Nyali:
Mimi naona jengeni bangalo mtulie. Ghorofa ya nini na mzee yuko na magoti? Ngazi ni gharama, slebu ni gharama, na watoto wakikua wataondoka mbaki nyinyi wawili mkipandisha ndoo za maji juu.

Fundi_Mgongo:
@Mpangaji bangalo la vyumba vinne vya kulala na sebule mbili kwenye 50 kwa 100 lamaliza ploti, hapabaki pa kuanika nguo wala pa tangi la chini. Msingi na paa ndivyo vinavyokula pesa na bangalo lataka vyote viwili mara mbili. Sisemi ni baya. Kwa ploti hii tu.

Majengo_hadi_Boston:
Haijakufa dada! Wacha nikupe siri. Kuna mji waitwa Charleston, South Carolina, pwani kama kwetu, joto na unyevu kama kwetu wakati wa kiangazi, ploti zao nyembamba na ndefu. Wale walifanya nini? Walichukua nyumba wakailaza ubavu. Upande mwembamba ndio unaotazama barabara, na ule uso mpana wageuka kutazama kando, ndani ya ploti, na baraza ndefu yapita urefu wa nyumba wote, chini na juu. Kuna mlango pale barabarani lakini ukiufungua hujaingia ndani, umeingia barazani, ndipo utembee mpaka mlango wa kweli ulio katikati ya ubavu. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema hii si daka hii, ile baraza ya mlangoni ya nyumba zetu za zamani?

Sasa piga hesabu. Barabara iko magharibi, ploti yaingia ndani kuelekea mashariki futi 100. Ukiilaza, futi 46 zakwenda na urefu, na kwa upana watumia 30 tu. Ongeza baraza ya futi 8 upande wa kusini, ni 38. Wabaki na futi 12 za kugawa pande mbili. Na kuta ndefu zatazama kaskazini na kusini, kwa hivyo jua la asubuhi na la jioni lapiga zile kuta fupi tu. Mngeijenga vile alivyotaka shemeji, uso wote na madirisha yake tisa ungetazama magharibi, saa kumi jioni mngekuwa mwakaa nje barabarani.

Bi_Mkubwa_Kibokoni:
Mwanangu, huyo kijana wa Majengo yuwajua asemalo, ijapokuwa amekwenda mbali kulitafuta. Mimi nimezaliwa nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, kuta nene mkono mzima, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake hazizidi, na nyanya yangu hakuwa na feni wala hakuijua.

Sikiliza nikupangie. Hao Wamarekani nasikia ile sebule rasmi ya mbele siku hizi hawaitaki, waona ni chumba cha bure, wabomoa kuta waunganishe na jiko iwe ukumbi mmoja. Wewe usibomoe! Hicho ndicho chumba sisi twakitaka. Hapo zamani sabule, chumba cha wageni, ilikuwa mbele, mgeni mwanamume aishia hapo, hapiti ndani, na wa ndani wako huru. Nyumba hii ukishailaza, sebule ya wageni iwe ile pembe ya kusini magharibi, karibu na geti. Mgeni aingia barazani, viatu avivue, aingia sabuleni, kwisha habari, ndani hukumuona wala yeye hakukuona. Jua la jioni litaipiga pembe hiyo, lakini wageni wako waja baada ya isha, jua liko wapi?

Chumba cha kulia hicho cha upande wa pili, kusini mashariki, mpe mavyaa wako. Sisi twala kwa sinia, meza ya watu kumi ya nini, itakuwa ya kuweka nguo za kupiga pasi. Kusi ikianza kuvuma yaingia hapo kabla ya chumba chochote, mzee apate upepo, naye atakuombea dua. Mtolee choo chake ndani kwa ndani, mlango mpana, na sakafu isiwe na kizingiti.

Jiko liwe nyuma, kaskazini magharibi. Usiliweke mashariki hata kidogo. Upepo wetu wa kaskazi na wa kusi zote zatoka upande wa bahari, jiko likiwa mashariki samaki wako utamnusa mpaka kwenye mito ya kulalia. Likiwa magharibi moshi watoka nje moja kwa moja. Na uwe na mlango wa uani, wanawake wenzako wapitie huko waje wakusaidie kukuna nazi bila kuzunguka mbele. Sebule ya familia iwe kaskazini mashariki, kaskazi ikija yawapata watoto.

Halafu vyoo. Hapa Mombasa kibla ni kaskazini karibu sawasawa, Makka tuko nayo mstari mmoja. Nyumba ukiigeuza vyoo vyote vyageuka nayo, vile vilivyokuwa vimeangalia mashariki vyageuka vikaelekea kibla, na choo hakielekezwi huko. Kaa na mchoraji, umwambie kila choo kiangalie mashariki ama magharibi. Si jambo la kurekebisha baada ya kigae kupigwa.

MamaWatatu_Utange:
Bi Mkubwa Mungu akuweke. Nimemsomea mavyaa hiyo ya chumba chake, ameniambia nimtumie salamu, tena ameuliza ni Bi wa nyumba gani pale Kibokoni, nimemwambia humu watu hatutajani majina.

Mchoraji_Tudor:
Naongeza machache kwa upande wa makaratasi maana hii ndiyo kazi yangu. Ile ramani ya kununua mtandaoni haipitishwi kaunti vile ilivyo, hata kama mmeilipia. Lazima ichorwe upya na akitekti aliyesajiliwa na BORAQS, ile bodi ya maakitekti, na mhandisi afanye hesabu za slebu, nguzo na mihimili, halafu mjengaji naye awe amesajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa, na mradi wenyewe usajiliwe. Watu hukwepa kwa sababu ya pesa halafu waandikwa alama nyekundu ukutani. Lakini kwenu hata si hasara, mwaichora upya kwa vyovyote kwa sababu ya kuta za mawe na kuigeuza. Nendeni na picha na orodha ya mlichopenda, si na ramani mkisema tujengee hii. Nafasi za kuacha pembeni pia muulizeni yeye kabla ya kuagiza jiwe hata moja.

Pembe ya kazi yako dada iwe pale juu ngazi zinapoishia, kwa hizi nyumba huwa kuna nafasi pana yenye dirisha, lile la katikati kwenye yale matano ya juu. Dirisha hilo litatazama kusini, mwanga mzuri bila jua la kukupiga kwenye skrini.

Dari pia. Iwe futi 10 chini na juu, na matundu ya hewa chini kidogo ya dari. Waingereza wenyewe walipofika huku hawakujenga kama kwao. Nendeni pale karibu na Fort Jesus mtazame ile mahakama ya zamani ya 1902, dari ziko wapi na madirisha yako vipi. Walijifunza haraka.

Na hakuna aliyetaja maji mpaka sasa?! Mfereji ukikauka wiki mbili mtafanyaje? Tangi la chini la ardhi, tangi la juu, na maji ya paa yaingie humo. Liingizwe kwenye ramani sasa hivi, si baadaye.

MamaWatatu_Utange:
Nimerudi na habari. Mume nimemkalisha kitako Ijumaa baada ya pilau, nikamuonyesha yote mliyoandika, na ile ya futi 4 ndiyo iliyomnyamazisha. Kuilaza amekubali, nusu saa alikuwa ananung'unika kwamba watu barabarani hawatauona uso wake, mpaka mamake akamwambia kwani wewe wajenga kwa ajili ya watu wa barabarani? Basi. Chumba cha chini amekubali, baraza amekubali, tena hiyo baraza sasa asema ni wazo lake. Jumatatu twaenda kwa akitekti.

Lakini chimni amekataa kuiacha. Nimemwambia watu wanakucheka mtandaoni, asema wacheke. Mkutano umeisha hivi: chimni itakuwako, haitakuwa na moto, ndani yake kutakuwa na tangi la maji la juu, yaani kutoka nje waona chimni ya Marekani kumbe ni tangi. Ati hivyo hata ile mitangi myeusi haitaonekana juu ya paa. Fundi wetu mzee, wasemaje, ni wazimu?

Kijana_wa_Kongowea:
Naomba radhi kwa shemeji, hiyo ni akili kubwa 😂

Fundi_Mgongo:
Si wazimu, nimeipenda. Lakini lita 1,000 zikijaa ni tani nzima, hapo hujahesabu tangi lenyewe. Isikae juu ya mbao za paa wala isiegemee ukuta wa inchi 6. Iwe mnara wake unaotoka kwenye msingi mpaka juu, na mhandisi aambiwe mapema. Ukiweka upande wa jikoni na vyoo mabomba yatakuwa mafupi. Na msilizibe tangi pande zote nne! Nilishamuona mtu amelijengea ndani, miaka sita baadaye likapasuka, akabomoa ukuta wote kulitoa. Upande mmoja uache wazi, wa upana wa tangi na kidogo zaidi, uweke mlango wa luva.

MamaWatatu_Utange:
Nimemsomea. Yuwauliza huo upande wa wazi waweza kuwa wa nyuma, usionekane kutoka barabarani?